Caritas Hataki Simu

Kijiwe cha mtaa wa Kasingirima kina benchi refu mbele ya duka la kinyozi, birika la Martini muuza kahawa, na midomo isiyojua likizo. Kila Jumamosi alasiri mzee Dismasi hukaa katikati, kwa sababu simu ni yake na mjukuu ni wake. Mjukuu mwenyewe ni Caritas, wa miaka tisa. Baba yake, Petero, alikulia katika kambi ya wakimbizi. Mwaka jana wakati wa mvua familia nzima ilipelekwa Norwei kwa mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Hivi karibuni Caritas amegoma kuja kwenye simu. "Yupo chumbani, baba," ndilo jibu la mama yake, Esther, binti wa Dismasi, kila mara. Dismasi hapati usingizi, ingawa kijiweni hasemi hivyo. Anasingizia mbu.

— Ni baridi hiyo, — akasema Nehemia, ambaye wote humwita Redio kwa kuwa hazimwi. — Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sasa mtoto akishaganda, utamkunja wapi tena?

— Acha uzushi wako. Juzi juzi tu alikuwa anaongea, — Dismasi akajibu.

— Ndiyo hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Linaanza kuganda sikio, ulimi unafuata.

Eliakimu, aliyepewa jina la Profesa kwa ajili ya miwani yake, akashusha kikombe.

— Si baridi. Ni chakula. Mtoto kazoea samaki wetu mgebuka na ugali wa muhogo, leo mnampa jibini asubuhi na jioni. Jibini linaziba koo. Hiyo ni sayansi.

— Kwa hiyo dawa yake? — Dismasi akauliza.

— Mgebuka mkavu, mmoja tu. Sauti itatoka mpaka majirani wahame.

— Mnajidanganya, — Redio akasema, akashusha sauti. — Kule mtoto akianza shule wanamwekea kidude hapa kisogoni. Kinafuta Kiswahili, kinaingiza Kinorwei. Ukipiga simu kabla hakijamaliza kazi, mtoto hana lugha yoyote!

— Yarabi! — Martini akasahau kumimina.

Dismasi alijua ni upuuzi mtupu. Hata hivyo akajipapasa kisogo.

— Na sisi tumemkosea nini? — Redio akaendelea kulalama. — Simu ikishika tu, mzee anaweka spika. Mtoto ananipa mimi shikamoo, Profesa shikamoo, Martini shikamoo, kinyozi na wateja wake shikamoo. Tunamwuliza theluji vipi, anatusemea Kinorwei tunacheka, anatuimbia wimbo wa shule. Raha tupu! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ndio sisi hapa.

— Siku ile aliimba mara mbili, — Profesa akakumbusha. — Mara ya kwanza kinyozi alikuwa ameenda msalani.

Shadia, dada aliyehamia mtaani hivi karibuni kutoka Mwandiga, alikuwa amesimama pale akisubiri kashata.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba!

— Samahanini. Huyo mtoto, mkishamaliza ya kwenu, yeye huwa anawaambia nini?

Redio akachungulia kikombe chake. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Anasema... nzuri, — Martini akajaribu.

— Hapo mmemwuliza habari za shule, kaka. Mimi nauliza ya kwake mwenyewe.

Wote wakamgeukia Dismasi.

— Sijui, — akasema. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Simu ikalia. Ni Esther. Benchi zima likasogea, Redio akakohoa kuweka sauti sawa. Dismasi hakubonyeza spika. Aliinuka, akaiweka sikioni, akaenda zake nyuma ya ukuta wa kinyozi.

— We mzee! — Redio akapiga kelele. — Ustaarabu gani huo?

— Esther mwanangu, — Dismasi alikuwa akisema, — mwambie mtoto kwamba leo babu hana swali hata moja.

Simu ikabadilisha mikono. Halafu akasikia pumzi. Alitamani kusema chochote, hata salamu tu, akauma midomo.

— Babu?

— Naam, mwana wanje, mwanangu.

— Uko peke yako?

Akageuka. Redio alikuwa amechungulia pembeni ya ukuta. Dismasi akamtolea macho mpaka akarudi kwenye kahawa yake.

— Niko peke yangu.

— Babu, huku hakuna mtu anayecheza na mimi, — Caritas akasema, akaanza kulia.

Dismasi akakaa chini kwenye vumbi, akamsikiliza.