Nani Atawakanda Watu wa Subukia

Sogeeni karibu, nyote watatu. Micah, mfunge ndama kwanza asije akamaliza maziwa yote, halafu rudi uketi hapo mlangoni nikuone, maana shingo yangu haigeuki tena na sitaki kuongea na ukuta. Jepkoech, toa mikono mgongoni mwangu, umefanya ya kutosha, asante. Chelangat, kaa hapo hapo miguuni. Leo nina maneno mengi na pumzi kidogo, kwa hiyo msinikatize hata nikisema la kuwachoma.

Najua mnachongoja. Kesho watu watakuja kama kawaida, mwenye kiuno, mwenye shingo, mama aliyejifungua juzi, na watauliza nani atawakanda mimi Chepngeno nikishaondoka. Nisipomtaja mtu kwa kinywa changu mtagombania hata kibuyu cha samli. Mengine ni mepesi. Ardhi hii ni ya mzungu, sina hata hatua moja ya kuwagawia, na siku akitaka kupanda pareto hapa tulipo mtahama kama wengine walivyohamishwa. Ng'ombe mwekundu ni wa Micah, ila maziwa yake ya kwanza baada ya kuzaa ampelekee shangazi yenu Cheptanui, hata kama mwaka ule alinitukana kwenye harusi, kwa sababu na mimi nilimjibu, tena nilimjibu vibaya kuliko alivyonitukana. Ubao wa mtarakwa ninaowalazia watu utaenda na kazi. Kazi yenyewe ndiyo neno langu la leo.

Bonde zima linasema kazi ni ya Jepkoech. Ni kifungua mimba wangu, ana mikono ambayo hata wapasua mbao wanaiheshimu, na amenisaidia tangu hajaolewa. Sikilizeni basi nilichofanya asubuhi. Niliwaita mnikande mmoja baada ya mwingine, na mahali ugonjwa ulipokaa sikuwaonyesha. Jepkoech, ulipita hapo mara tatu kwa kiganja kizima, ukaegemea kwa uzito wako wote, nami nikanyamaza, ukadhani mama amepata nafuu, ukaanza na kuimba. Chelangat alifika hapo mara moja, akasimama. Nikamuuliza, mbona umesimama? Akasema, "Vidole vyako vya miguu vimejikunja, mama."

Kazi ni ya Chelangat.

Nimesikia ulivyovuta pumzi, Jepkoech. Kasirika, una haki, lakini kasirikia hapa ndani, usitoke. Nina jambo la kukuambia ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala padri.

Baba yenu Kiptanui mlimjua akichechemea, na niliwaambia ni mkokoteni uliompindukia wakati wa mavuno ya ngano kule Mau Narok. Ni kweli, mkokoteni ulimwangukia. Walimleta na kifundo cha mguu kimevimba, na mimi, niliyekuwa na sifa yangu mpya na maringo yake, nikasema kimeteguka tu, nikamlaza. Nilikikanda siku tatu. Nilikizungusha, nilikivuta, nilikisugua kwa samli ya moto, na baba yenu akawa ananipigia hadithi za Mau Narok na kuomba uji. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayeota jua. Mnajua sisi tulivyolelewa. Mwanamume wetu alisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, na sisi wanawake pia hatukulelewa kulialia, kwa hiyo nikaamini ule uso. Alipopelekwa Nakuru, daktari akapiga picha, akasema mfupa ulikuwa umevunjika, na mtu fulani ameusogeza ukakaa upande. Mtu fulani alikuwa amesimama pale pale na mtoto mgongoni.

Nilimuuliza njiani tukirudi, kwa nini hukusema? Akacheka. "Nilie mbele ya mke wangu, halafu nikale wapi?" Miaka kumi na minane alichechemea, na kila aliyemuuliza alimwambia ni mkokoteni. Nilimpenda yule mtu mpaka nikamkasirikia. Tangu siku hiyo sijatazama uso wa mtu ninapomkanda. Natazama vidole vya miguu, natazama tumbo kama limeacha kupumua. Jepkoech, wewe una mikono yangu ya wakati ule. Ndiyo maana naiogopa.

Na jambo la Odero. Mnakumbuka yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, alivyoniita mchawi wa mafuta mbele ya watu kwenye foleni ya posho, nami sikumsalimu miaka minne. Kisha akainua gunia la mahindi, mgongo ukamkatalia, wakamleta hapa amekunjika, macho chini, hana hata ujasiri wa kubisha hodi. Wanangu, sijawahi kumkanda mtu rahisi kama yule! Nikigusa pabaya anapiga kelele kwa Kijaluo mpaka kuku wanakimbia. "Hapo, mama! Hapo hapo! Unaniua!" Nilicheka hadi nikakaa chini, lakini siku ya tatu alitembea akienda kwake, na mimi nikabaki nikiwaza kwamba baba yenu angepiga kelele moja tu kama ile, angekufa na miguu yake miwili iliyonyooka. Odero sasa ni rafiki. Chelangat, mguu ukiwa wa moto na umevimba, au mtu ana homa, au mfupa unalia chini ya kidole, usiguse, mpeleke kwake, naye atatafuta lori la Nakuru. Mikono ina mahali inapoishia.

Nipe maji, Micah. Kidogo tu.

Chelangat, usijivune. Mikono yako ni myepesi, na mabega ya wapasua mbao yatakushinda. Utatafuta mahali, dada yako ataweka nguvu. Ukimwambia acha, Jepkoech, uache, hata kama ni mdogo wako. Msimkatalie mtu kwa sababu ya kabila lake, wala kwa sababu ya mliyoyasikia wakati huu mbaya wa vita vya msituni. Mama akijifungua, nendeni bila kuitwa. Nizikeni karibu na Kiptanui, upande wa ule mguu.

Nimeridhika. Nisiwadanganye, nimeishi vizuri. Watu wengi wametembea kwa... wametembea wakitoka hapa mlangoni. Mungu awape usingizi mzuri na wanaowapenda. Mikono yenu isipoe. Micah, watoto wako wakuzike, wewe usiwazike wao. Mkae... mkae pamoja.

Chelangat, ondoka hapo miguuni. Ondoka, mama, funika hivyo vidole, visiseme kwa niaba yangu. Jepkoech, njoo wewe.

Miaka yote hii sijasema. Naumwa, mwanangu. Naumwa sana. Nyonga ya kushoto... weka mkono, usiogope, mimi nitakuambia. Chini. Chini kidogo. Sio hapo... 

Hapo. Hapo hapo, mama.