Mkanda Uliofuta Ushuhuda Wangu wa Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama kufuta maneno yangu mwenyewe.

Mnakumbuka kabla ya Pasaka nilisimama hapahapa nikasema Mungu ameniponya presha. Mkapiga makofi. Ndugu zangu, nilidanganya! Dawa nilimeza siku ya kliniki tu, asubuhi kabla sijatoka Baleni, ili daktari akute presha nzuri asinigombeze. Siku nyingine dawa zilikaa kwenye kopo. Nikadanganya mpaka nikajiamini.

Lakini kila nikiamka kichwa kinagonga, macho yana ukungu. Daktari akashangaa: vipimo vizuri, mgonjwa analalamika. Akanifunga mkanda mkononi, niuvae mchana na usiku, nifanye kazi zangu zote. Unajaa upepo wenyewe, unabana, unapima presha na ugumu wa mishipa, unaachia. Ukibana, mkono utulie.

Nami asubuhi ile nilikuwa nimeshameza dawa. Nikasema moyoni, kipimo hiki nacho nimekiweza!

Nikarudi kufua nazi. Kila ukibana naiacha nazi kwenye kifuo, nasimama kimya. Jirani yangu Mwanahawa akacheka: "Bibi Agnesi, polisi wamekamata mkono mmoja tu?" Nikamwambia asuke makuti yake.

Kesho yake daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akatazama karatasi, akaniuliza kama nameza dawa kila siku. Nikasema ndiyo, tena kwa ukali.

"Bibi," akasema, "mpaka alasiri kipimo kinasema ndiyo. Kuanzia magharibi kinasema hapana."

Akanieleza mshipa mzima hutanuka na kunywea. Wangu ulikuwa umekakamaa, na kiharusi kilikuwa mlangoni. Ndugu zangu, mimi mnayenijua silii hata msibani, nililia! Nikakiri mambo ya kopo yote.

Sasa nameza kila siku. Nimevaa mkanda mara ya pili: usiku presha inashuka, mishipa haijakakamaa kama mwanzo. Asante Yesu! Ameniponya, ila alianza na ulimi.

Mama Tumaini, usiiname. Uliniambia kwamba kwa kunisikia mimi, nawe uliacha dawa zako. Dhambi hiyo ni yangu. Mtumaini Mungu, mama, na dawa umeze. Kesho asubuhi nakupitia twende kliniki Kilindoni. Ila kabla hatujatoka, usimeze kitu cha kumfurahisha daktari. Akukute ulivyo.