Lami Mpya ya Kona ya Gereji

Asubuhi hiyo benchi la kona lilikuwa na kesi moja tu. Mdogo wake Spana, dereva wa pikipiki, alikuwa ameteleza jana hapo hapo mbele ya benchi, sasa yuko hospitali na mguu umevunjika. Tangu barabara iwekwe lami, hakuwa wa kwanza. Spana, fundi wa gereji iliyo nyuma ya benchi, alishika kikombe cha kahawa bila kunywa.

— Mkandarasi katupiga changa la macho, alisema. Lami gani hii inateleza hata jua likiwaka?

— Tatizo ni ulaini, alisema Waziri, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko. Mashimo yalikuwa yanatulinda. Enzi zile, gari likifika kona hii hata maiti alishika kiti.

— Kwa hiyo warudishe mashimo? aliuliza muuza kahawa.

— Machache. Yenye ubora.

— Hamjui kitu nyie, alisema Mzee Gia, dereva mstaafu asiyewahi kupata ajali; mkewe husema ni kwa sababu hakuwahi kuvuka gia ya pili. Lami ni kama kiatu kipya. Hii bado haijazoea tairi.

— Ina mwaka sasa, mzee wangu, alisema muuza kahawa.

— Kwa lami, huo ni uchanga.

— Mimi nasikia waliichanganya na mafuta ya kupikia, alisema Waziri.

— Hapo umenena, Spana alidakia. Si unaona inavyong'aa?

Akainuka, akabeba debe la oili chafu aliyoitoa kwenye injini, akaimwaga barabarani kama alivyofanya kila asubuhi tangu enzi za barabara ya udongo. Hakuna aliyegeuza shingo. Akarudi kukaa, akaendelea kumlaani mkandarasi.

Ndipo akaja shemeji yake, mke wa majeruhi, kuokota kiatu cha mumewe kilichobaki mtaroni. Alipokanyaga lami mguu ukamponyoka, akajishikiza kwenye nguzo ya umeme. Akatazama soli yake, kisha debe.

— Shemeji, hiyo oili ni ya nini?

— Ya kutuliza vumbi, Spana alijibu upesi.

Mama yule akaitazama barabara, huku na huku.

— Vumbi gani?

Waziri akainama kutafuta kikombe chake, nacho kilikuwa mkononi. Mzee Gia akashikwa na kikohozi. Spana akalisukuma debe chini ya benchi kwa kisigino.

Muuza kahawa akasema kahawa imekwisha, na birika lilikuwa bado linafuka.