Printa Kumi na Moja, Mashine Moja

Mheshimiwa Bwana Abdulwahid, Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu. Sheikh Kamaludin, uliyetufungulia kwa dua. Ndugu wageni waalikwa kutoka Mkomani, Shela na ng'ambo Mokowe. Walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi. Na wewe Bi. Huwaida, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukarani: assalamu alaykum.

Mimi Nerea, mwalimu mkuu wenu, ni mtu wa bara, na haraka zangu mnazijua. Nimepewa dakika tano. Nitazitumia kusimulia asubuhi moja tu.

Mnakumbuka mwaka ule virusi vilipozimaliza kompyuta zetu, tukahamia Linux, ule mfumo wa bure? Kila kitu kilikubali isipokuwa kuchapa. Ukiamuru, kimya. Basi tulifanyaje sisi wasomi? Kila mwalimu aliyekwama aliongeza printa upya kwenye orodha, akaipa jina lake. Mashine ilikuwa moja pale mezani, lakini ndani ya kompyuta zilikuwa kumi na moja! Na nani angethubutu kufuta ya mwenzake? Hapa kisiwani Amu cha mtu hakiguswi bila idhini.

Asubuhi hiyo Razan, mwanafunzi wetu aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi, alihitaji barua ya shule yenye sahihi na muhuri. Chuo kilitaka karatasi yenyewe ifike Nairobi kesho yake, na baada ya hapo nafasi angepewa mwingine. Ilikuwa saa mbili, saiba za mjini, yale maduka ya kuchapia, bado zimefungwa, na basi la Nairobi linaondoka Mokowe, ng'ambo ya maji, saa nne.

Tukatuma barua. Kimya. Tukatuma tena na tena, jumla mara kumi na tisa. Razan akaanza kulia. Nami nikafoka, tena mbele ya walimu na wazazi: "Bi. Huwaida, umeiharibu mashine!"

 Bi. Huwaida alivaa miwani, akakagua waya, akazima, akawasha, kisha akafungua orodha ile. Akatuma ukurasa wa majaribio kwa kila jina. Printa ya Mohdhar, kimya. Ya Jeilani, kimya. Kwa jina la nane mashine ikakohoa, ikatoa karatasi. Akanigeukia kwa upole: "Mwalimu, mashine haina ila. Ndia ya kuifikia ndiyo mbovu."

Kumbe usipochagua jina, kompyuta ilipeleka kila kitu kwa printa ya Bwana Crispus, iliyosajiliwa kwa mashine ya zamani tuliyokwisha kuitupa! Na Bwana Crispus mwenyewe alikuwa keshahamia Eldoret. Barua zote kumi na tisa zilipanga foleni huko, zikisubiri mashine isiyokuwepo. Bi. Huwaida akazifuta, akatuma moja kwa jina la nane. Nikatia sahihi, Razan akakimbilia boti.

Wengine tungeishia hapo. Yeye alimwendea kila mwalimu kuomba ruhusa ya kufuta printa yake. Mohdhar akauliza kama yake itasomewa hitima kama marehemu. Hata Eldoret alipiga simu: "Bwana Crispus, naomba idhini yako." Zikafutwa kumi, ikabaki moja, akaiita "Ya Sote." Tangu siku hiyo haijatusumbua. Je, hiyo si elimu? Kutengeneza kitu bila kumvunjia mtu heshima?

Razan amekaa safu ya pili. Ni muuguzi hapa hapa mjini. Simama, mwanangu, wakuone.

Na mimi? Barua ilifika, nami nikanyamaza. Nilijiambia yamekwisha. Hayajakwisha, Bi. Huwaida. Nilikutahayarisha mbele ya watu, nikakuacha ubebe lawama yangu miaka yote hii, wala hukuwahi kunikumbusha. Kukuomba radhi faraghani hakutoshi. Mbele ya watu hawa nasema: kosa lilikuwa langu. Nisamehe.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunistahimili na kunisikiliza. Sasa niruhusuni nishuke nikamshike mkono.