Denzil Stalnaker na Santuri ya Sita

Mchungaji, wafiwa, majirani, na nyinyi mabwana watatu wa benchi la nyuma mlioingia kanisani na madaftari, familia imemwomba Bi. Madge Cogar, mdogo wa mjane wa marehemu, aisome historia hii, kwa sababu Lyle, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliijaribu jana jikoni akakwama mstari wa tatu, na kwa sababu Bi. Madge, kama mnavyomjua, hajawahi kukwama katika jambo lolote la kusema.

Denzil Ray Stalnaker alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa hapa Pruitt Fork, West Virginia, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Okey Stalnaker, mchimba makaa, na mkewe Delphia, akasoma shule ya chumba kimoja ya Laurel Run hadi darasa la nane, akaingia sekondari mwaka 1952 na kuiacha mwaka 1954, si kwa kukosa akili, akili alikuwa nazo, bali kwa sababu alimsahihisha mwalimu mbele ya darasa zima akimwonyesha ukurasa wa kitabu, akaambiwa aombe radhi, akagoma, na hadi anakata roho, miaka sitini na mitano baadaye, radhi hiyo ilikuwa haijaombwa. Kilichoandikwa kwenye karatasi marehemu alikiamini, na kilichosemwa na mtu mwenye pumzi alikitilia shaka, na jambo hili tunaomba mlishike, maana tutalirudia.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao tangu mwaka 1955, akafunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 10 Juni 1961 na Oleta Cogar, binti wa miaka kumi na tisa mwenye sauti ambayo watu walikuwa wakiifuata ibadani hata kama mahubiri hawayataki, na mwezi Julai mwaka uliofuata, mbao zilipokosa soko, akaenda Akron, Ohio, kutengeneza matairi kama walivyokwenda nusu ya wanaume wa bonde hili, akarudi Novemba, akaajiriwa na idara ya barabara Januari 1963, akaendesha greda na gari la kuondoa theluji hadi alipostaafu mwaka 1996. Walijaliwa watoto wawili, Lyle, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1963, na Teresa Jo, tarehe 2 Septemba 1966, na wajukuu watano, na kama mume na baba hakuwanyima chakula wala kuni, hilo tunalisema kwa moyo mweupe.

Sasa tunafika kwenye santuri, kwa sababu ukiziruka hakuna historia ya Denzil inayobaki. Wakubwa mnamkumbuka Hobart Pyle, mwenye duka la vyakula vya mifugo, ambaye kila mwaka kuanzia 1957 hadi 1967 aliweka kinasa sauti chake kwenye maonyesho ya wilaya, akawaimbisha watu, akakusanya nyimbo kumi na mbili kwenye santuri moja na kuwapa wateja walionunua chakula cha kuku, gunia moja santuri moja, na tuseme kweli hata mbele ya jeneza, nyingi za nyimbo hizo zilikuwa takataka tupu, kuna ndugu wawili wanaopiga fidla na gitaa kama watu wasiosalimiana, kuna mchungaji anayekohoa, na kuna wimbo mzima wa kusifu pumba za nguruwe. Wenye kuku waliponunua pumba walizitumia santuri hizo kufunikia mitungi ya maziwa, na huo ndio uliokuwa utumizi wake unaofaa.

Mwaka 1988, kwenye mauzo ya vitu vya marehemu mmoja kule Buckhannon, Denzil aliokota santuri ya sita, akaja nayo nyumbani, akaipiga, na upande wa pili, wimbo wa tatu, akasikia sauti ya mwanamke aliyeandikwa kwenye jalada kuwa ni Dixie Fay Tolliver, akiimba habari za mume aliyekwenda Akron na taa inayomsubiri dirishani, na mtu mzima wa miaka hamsini, ambaye hakulia alipomzika mama yake, akaketi kwenye kiti akalia huku mkewe akimpitishia sahani ya maharage na mkate wa mahindi juu ya kichwa. Tangu siku hiyo alimtafuta Dixie Fay Tolliver kwa miaka thelathini na moja, akajaza chumba cha Teresa Jo santuri mpaka kitanda kikahamishiwa ghalani, akaandikiana barua na mabwana wa mijini wenye ugonjwa huo huo, akiwemo Bw. Philip Ansbach wa Philadelphia, aliyepo hapa leo, karibu sana bwana, na mwaka 2004 walisafiri pamoja hadi Kentucky kuweka maua kwenye kaburi la D. Tolliver, ambaye ndugu zake waliwaambia tena na tena kwamba alikuwa Dewey na alikuwa fundi bomba. Maua waliyaacha hapo hapo.

Penye miti hakuna wajenzi, wahenga hawakukosea. Jumapili moja ya mwezi Mei 1989 Oleta aliweka kijiko chini akamwambia mumewe, "Denzil, huyo unayemtafuta ni mimi, niliimba kwenye banda la mifugo ulipokuwa Akron, wimbo niliutunga mwenyewe, na Madge alikuwepo ameshika mbuzi," na Denzil, bila hata kuacha kutafuna, akacheka akamjibu, "Oleta, acha masihara bwana, namba iliyokwaruzwa kwenye santuri inasema Machi sitini na tatu, na Machi sitini na tatu wewe ulikuwa kitandani na kichanga, namba haidanganyi." Ile ilikuwa tarehe ya kiwanda kuchapa santuri, wala haikuwa tarehe ya mtu kuimba, kitu ambacho kuku waliokula pumba za Pyle wangeweza kumweleza, lakini dada yetu akasema tu, "Haya, kula, maharage yanapoa," na hakulitaja tena. Msomaji wa historia hii alimwambia siku hiyo na siku nyingine nyingi, "Dada, mpigie kelele huyo mwanamume!" naye akajibu kila mara, "Aliyeambiwa mara moja akacheka, nimwambie mara ya pili anicheke tena?"

Kwa faida ya mabwana wa benchi la nyuma, jina lilitoka hivi. Hobart Pyle hakuwa akiweka jina la mke wa mtu kwenye jalada bila ruhusa ya mumewe, ndiyo iliyokuwa desturi, na mume alikuwa Ohio, kwa hiyo akatazama huku na huku akachukua jina la mbwa wake wa kuwinda, Dixie, na la ng'ombe wake, Fay, na Tolliver akalisoma kwenye gunia, halafu akamlipa mwimbaji paja moja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Kwa hiyo watu wazima wenye shahada wamemtafuta mbwa na ng'ombe kwa miaka thelathini. Na ule mlio wa mwisho wa wimbo, ambao Bw. Ansbach ameuandikia kurasa nne akithibitisha kwamba ni uzi wa fidla uliosuguliwa kwa ufundi wa kale wa Uskoti, ni mbuzi, jina lake Seneta, na aliyeshika kamba yake ndiye anayewasomea, na yuko hai, anakaa nyumba ya pili kutoka daraja, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumbishia hodi.

Mwezi Oktoba 2018 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu, akalazwa mara tatu, na Septemba mwaka huu wa 2019 akarudishwa nyumbani, ambako aliandika wosia wa mambo mawili tu, kwamba siku ya maziko ipigwe santuri ya sita, upande wa pili, wimbo wa tatu, na kwamba santuri zote apewe Bw. Ansbach, ambaye masika ijayo ataichapa upya ile ya sita pamoja na kitabu kuhusu maisha ya Dixie Fay Tolliver, na kitabu hicho kisibadilishwe hata herufi. Hapo dada yetu alielewa kwamba kitabu hicho kikishatoka, sauti yake itakuwa ya mbwa na ng'ombe mpaka mwisho wa dunia.

Jumatatu tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi, Oleta alikuwa akimwogesha kwa kitambaa cha maji ya moto, na akauimba ule wimbo, kwa sauti ya mwanamke wa miaka sabini na saba, polepole, beti zote, huku msomaji huyu akiwa mlangoni na taulo, na alipofika katikati Denzil akafumbua macho akasema, "Umekosea ubeti wa pili." Maana kwenye santuri mwimbaji anarudia mstari wa taa mara mbili, jambo ambalo wataalamu wameliita usanii mkubwa. Dada yetu akakamua kitambaa akamwambia, "Hapana, Denzil. Siku ile ndiyo nilikosea. Mbuzi alinivuta gauni nikasahau mstari wa koti lako lililoachwa msumarini." Denzil hakucheka, akaomba penseli na kisanduku cha kadi alizoandikia majina ya waimbaji wa santuri zake, tukadhani anaweweseka. Alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Kadi tumeiona jana. Jina la Dixie Fay Tolliver limekatwa kwa mstari unaotetemeka, na juu yake ameandika Oleta, na baada ya Oleta, Mungu amsamehe, ameweka alama ya kuuliza. Msomaji huyu alitaka kuichana. Dada yake akamnyang'anya, akaitia ndani ya Biblia, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akisema, "Mwache, Madge, kwa Denzil hata hayo ni mengi."

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulisha tangu Jumatano, na wenzake wa idara ya barabara walioamka mapema leo kuifagia theluji kilimani ili jeneza lipite. Bw. Ansbach santuri atapewa, kama wosia unavyosema, ila kwanza afungue daftari lake aandike Oleta Cogar Stalnaker, Agosti 1962, banda la mifugo, na asiweke alama yoyote baada yake.

Gramafoni hiyo mezani haitawashwa. Wosia unataka upande wa pili, wimbo wa tatu, na mwenye wimbo yupo, anasimama sasa hivi, tunaomba mmpishe, na koti litakuwepo.

Pumzika kwa amani, Denzil, na safari hii usikilize.