Mama Nyaya na Vyumba Vinne vya Seva Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa mtandao wa hospitali yetu atakabidhi ufunguo wa chumba cha seva baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku ishirini na sita. Hesabu ni yake mwenyewe. Sisi tungesema thelathini na ushei, naye angetusahihisha. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Nyaya.

Aliajiriwa tarehe 4 Februari kama karani wa masijala. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifunua, akauliza inawashiwa wapi. Miezi sita baadaye alipelekwa mafunzoni, na mafaili hayakumwona tena.

Hubandika lebo kila kitu: nyaya, swichi, kopo la sukari, na wakati mmoja mwavuli wa mganga mkuu, ambao ulikaa kwetu siku tatu ukihesabiwa kuwa kifaa cha idara. Anayegusa kitufe ovyo huipata kauli yake: heri kuuliza kuliko kuzima.

Kazi yake kubwa aliifanya miaka minane iliyopita. Seva yetu ni moja, kubwa kama kabati la nguo, ila ndani imegawanywa sehemu nne: usajili, maabara, famasia na wodi. Sisi huziita vyumba, na kila chumba hujiona kiko peke yake duniani. Zamani maabara ikitaka kuipa wodi majibu ya damu, majibu yalitoka nje ya seva kwa waya, yakashuka hadi swichi ya ghorofa ya chini, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, yakapanga foleni na barua pepe za hospitali nzima, kisha yakapanda kurudi kwenye seva ile ile. Asubuhi zenye wagonjwa wengi daktari alisubiri dakika arobaini. Mgonjwa anayetoka damu hana dakika arobaini.

Mama Nyaya alitaka vyumba viongee humo humo ndani, kupitia kumbukumbu ya seva, bila waya hata mmoja. Bosi wetu wa wakati huo alikataa katakata. Alisema ukitoboa ukuta, moto wa jirani ni wako; chumba kimoja kikianguka, vyote vitaanguka.

Tarehe 11 Machi Mama Nyaya alimpa bosi karatasi, akamwomba amfikishie karani aliyeketi nyuma yake, ila apitie mapokezi kwanza. Bosi alishuka ngazi arobaini na mbili, akapanda arobaini na mbili, akarudi akihema.

"Mama, huyu si yuko mgongoni kwangu?"

"Na maabara na wodi ni hivyo hivyo, bosi. Wamepeana migongo."

Alipewa wiki mbili za majaribio. Sharti lilikuwa moja: chumba kimoja kikiangusha kingine, nyaya zinarudi kazini na yeye anahamia stoo. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, famasia ilianguka kwa sababu ya programu mbovu. Mama Nyaya hakugusa kitu. Aliangalia skrini ya wodi tu. Majibu ya maabara yaliendelea kuingia, moja baada ya jingine, kana kwamba jirani hajafiwa. Bosi mwenyewe ndiye aliyemchomolea waya wa kwanza kati ya nane. Mbili sasa ni kamba za kuanikia nguo nyumbani kwake, kwa kibali cha maandishi.

Tarehe 14 Mei mwaka huu alimsindikiza mama mkwe wake kupima damu. Kutoka maabara hadi kwa daktari si mbali, ila bibi hutembea kwa fimbo na husalimia kila mtu. Walipoingia, daktari mgeni asiyemjua Mama Nyaya aliinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Karibu bibi, keti. Majibu yako yamekutangulia."

Mama Nyaya hakujitambulisha. Alimshikia mkwewe fimbo, akasikiliza. Tusingejua lolote kama asingerudi kazini akitabasamu peke yake hadi tukambana atuambie.

Asante, Mama. Nenda ukapumzike na mzee wako na wajukuu. Afya isikuache, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Wagonjwa wasiokujua wanakushukuru kupitia kwetu.