Kinyozi Mmoja na Maduka ya Rangi

Basi zima lilikuwa tupu, lakini kinyozi alikwenda kubanana makusudi na mchoraji wa manispaa. Viwanda vilipofungwa, maduka ya katikati ya mji nayo yalifungwa. Sasa mchoraji huyu amelipwa achore maduka mengine juu ya ile milango iliyofungwa, ili mji uonekane mzima.

"Umetuchorea bucha, duka la vitambaa, hadi paka dirishani," kinyozi akasema.

"Kazi ya mikono hii, mzee wangu."

"Kwenye mtaa huo mimi ndiye niliyebaki na duka la kweli. Wiki hii sijapata hata kichwa kimoja. Jana mama mmoja alinipiga picha nimekaa mlangoni, akisifu mchoro. Nikapiga chafya, akatoka mbio."

Mchoraji akacheka mpaka akajifuta machozi. "Hiyo si ni sifa kwangu!"

"Sifa hazipikwi. Wewe mwenyewe unanyoa wapi?"

Mchoraji akajipapasa kisogo, kimenyolewa vizuri kweli. "Kule nje ya mji, kwenye maduka mapya. Mjini anakwenda nani, mzee?"

Kinyozi akabeba mfuko wake wa mashine za kunyolea, akasimama kwenye mlango wa basi. Kondakta alikuwa ameinamia simu, akapaza sauti bila kutazama: "Mjini hakuna wa kushuka, dereva, twende!"

"Nipo," akasema kinyozi, na basi likasimama.